Jina Nililoliandika Uwanjani Msambweni

Mwandani wangu, sogea karibu, maana haya siyasemi kwa kila mtu. Wewe najua hutanicheka, na ukicheka utacheka pamoja nami, na hilo halina ubaya.

Siku hizi tukimaliza kuswali, wanawake tukikaa kidogo barazani, naulizwa swali moja: hii mikusanyiko mikubwa ya muziki, uwanja mzima umejaa watu na spika zimefungwa juu ya minazi, je, ni mahali pa mtu kutoka kwake akaenda? Wananiuliza mimi kwa sababu wanajua mimi si mtu wa ngoma. Maulidi nakwenda. Arusi za jamaa nakwenda, lakini nakaa jikoni na pilau yangu, na waimbaji nawasikia huko huko. Basi wanangoja niseme haifai, ili wapate la kuwaambia binti zao. Na mimi nashindwa kusema haifai. Nimekwenda mara moja tu, na kwa siku hiyo moja namshukuru Mwenyezi Mungu mpaka leo.

Ilikuwa mwaka wa pili wa Uhuru. Nilikuwa nimeshaingia miaka arobaini, nina watoto sita, na tulikuwa tukikaa Kinondo na mavyaa wangu, mamake mume wangu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Rangi na vivuli alikuwa akiviona, sura za watu hazioni. Mtu akimjua kwa sauti, na sufuria akiijua kwa mlio wa kifuniko chake. Katika usichana wake alikuwa mwimbaji wa arusi. Kuanzia Galu mpaka Gazi walikuwa wakimfuata, na hata uzeeni hakuweza kupuliza moto bila kuimba kidogo.

Jirani yetu akanunua redio. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana ikawa inaimba sauti ya mwanamke mmoja wa Mombasa, sauti ndefu, akiushika mstari hauachi. Mavyaa wangu akawa anachukua kigoda chake, anakwenda kukaa chini ya dirisha la jirani, amekiinamisha kichwa. Siku moja akarudi amekasirika.

"Yule mwanamke anavuta pumzi wapi?"

"Mama, mimi nitajuaje?"

"Kila mtu anavuta pumzi. Mimi nilikuwa nikivuta katikati ya mstari, wenzangu wananifichia kwa vigelegele. Huyu haimbi na mtu, wala pumzi haisikiki. Ile redio inaimeza. Lazima nimsikie mwenyewe kabla sijafa."

Nikadhani ni maneno ya kupita. Hayakupita. Asubuhi tukichambua mchicha, pumzi. Jioni tukikuna nazi, pumzi.

Hapo ndipo somo yangu alipoleta habari. Somo yangu ni rafiki yangu wa tangu usichana, mtu wa maneno mengi na moyo mwema. Mimi na yeye tulikuwa tukienda pamoja darasa la jioni, lile la watu wazima lililofunguliwa baada ya Uhuru. Siku tatu kwa juma, baada ya alasiri, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yametufika kidevuni, tukiandika herufi. Chuoni nilisoma Kurani tangu mdogo, lakini hizi herufi za barua na za dukani sikuzijua. Nilikuwa nimeshafika mahali pa kuandika maneno mazima, polepole, ulimi nimeutoa nje.

"Yule mwimbaji wenu wa redio anakuja Msambweni," akasema somo yangu. "Uwanja wa mpira umezungushiwa makuti. Bendi tatu. Kuanzia adhuhuri mpaka kabla ya magharibi. Watu watatoka Vanga, watatoka Likoni."

Mavyaa wangu alikuwa ndani. Akauliza kutoka huko huko: "Lini?"

Mume wangu ni fundi seremala. Nilimkuta akipiga randa mlango wa mtu.

"Nataka ruhusa nimpeleke mama Msambweni."

"Kwenye ngoma? Wewe? Wewe ngoma ikipita njiani unafunga dirisha."

"Si mimi, baba watoto. Ni mama. Anataka kusikia pumzi."

Hakucheka. Aliiweka randa chini. Kaka yake mkubwa alikuwa akimsema kila siku kwa ajili ya lile darasa, ati mke amekuwa mtoto wa skuli, kesho atataka baiskeli. Mume wangu alikuwa akinivumilia, lakini nilijua amechoka kusemwa.

"Sikiliza," akasema. "Mama haoni. Huyu ni amana. Mkirudi salama kabla ya giza, sina neno. Lakini akipotea, akianguka, akipatwa na lolote huko kwenye watu, basi na lile darasa nalo umelimaliza. Nitajua kaka alisema kweli, kwamba huku kutoka kunakuondolea akili nyumbani."

Nikasema nimekubali. Darasa lile lilikuwa limenigharimu aibu nyingi, na sasa nilikuwa nimelifunga kwenye kiganja cha bibi asiyeona.

Ndipo tukafanya busara yetu. Wanawake wa darasa tuliokwenda tulikubaliana kununua sare, leso ya kujitanda ya namna moja sote, ili mavyaa wangu, ambaye rangi anaziona, atujue. Dukani kulikuwa kumefika leso mpya, nyeusi na nyekundu, maua makubwa ya korosho, kali hata kipofu angeiona. Nilimvalisha yeye na mimi nikavaa. Nikamwambia: "Mama, popote ukiona rangi hii, ni sisi. Shika ncha ya leso, usiachie."

"Nimeshika," akasema, na mazoezi alikuwa ameanza hapo hapo chumbani.

Siku yenyewe tulipanda lori la mbata. Tulipofika uwanjani, tukashuka, nikanyanyua macho, na moyo ukanianguka. Uwanja mzima mweusi na mwekundu! Mwenye duka alikuwa ameleta robota zima, na maduka yote ya barabara ile yaliuza leso ile ile. Wanawake wa Gazi wamevaa, wa Vanga wamevaa, wa Ukunda wamevaa. Kila kikundi kilikuwa kimefikiri kama sisi.

"Loo," akasema somo yangu, "tumekuwa ukoo mkubwa."

Mavyaa wangu akafurahi sana. "Mmekuja wengi!"

Sasa nikwambie kweli kuhusu ule muziki. Sisi tulikaa nyuma, upande wa wanawake, karibu na uzio. Jukwaa lilikuwa mbali, waimbaji wadogo kama vidole. Spika zilikuwa zikikoroma, na upepo wa bahari ukiichukua sauti unaitupa msituni, kisha unairudisha vipande vipande. Mtu akipiga makofi mbele, sisi tunapiga baadaye bila kujua kwa nini. Mavyaa wangu alikuwa ametega sikio, akiwa amekunja uso.

"Hii ni redio kubwa tu," akasema. "Sisikii kitu."

Nilimwonea huruma, lakini kusogea mbele na mtu asiyeona katika umati ule sikuthubutu.

Alasiri ikaadhiniwa. Nyuma ya uzio walikuwa wametandika mikeka na mitungi ya maji. Nikamwambia somo yangu: "Nishikie mama, nakwenda kuswali, kisha nije nikushikie nawe uende." Akamshika mkono. Nikaenda, nikatia udhu, nikaswali. Nilipokuwa katika tahiyatu nikasikia kelele kubwa uwanjani. Yule mwimbaji wa redio alikuwa amepanda jukwaani, na watu wameinuka wote kwa pamoja kusogea mbele. Sikuikata swala. Niliimaliza, lakini Mungu anisamehe, ile salamu ya kushoto niliitoa nikiwa nimeshaanza kuvaa viatu.

Wenzetu wa darasa walikuwa wamesombwa mbele na umati, lakini somo yangu nilimkuta pale pale, amesimama imara kama nguzo, amemshika bibi mkono.

"Usiwe na wasiwasi," akasema, "walitusukuma lakini sikumwachia hata kidogo."

Nikamtazama yule bibi. "Somo," nikasema, "huyu siye."

"Siye vipi?"

"Huyu si mavyaa wangu!"

Yule bibi naye akasema, kwa upole kabisa: "Na mimi nashangaa. Ananivuta tu tangu hapo, namwambia niache, ananiambia nyamaza mama, tuko pamoja."

Wallahi somo yangu alikaa chini. Walipotaabishwa na ule msukumano mikono iliachana, na alipoipapasa leso nyeusi na nyekundu akaipata. Ila haikuwa yenyewe. Na mavyaa wangu, kama nilivyomfundisha, alikuwa ameshika ncha ya leso ya kwanza iliyompitia, hakuiachia.

Nilimwambia somo yangu abaki pale pale na bibi wa watu, huenda na jamaa zake wanamtafuta. Mimi nikaingia kwenye umati. Nilimgusa kila bibi aliyevaa leso ile. Kila mmoja aligeuka na uso wa mtu mwingine. Wengine walinicheka: "Mama, wewe unahesabu wazee?" Jua lilikuwa linashuka upande wa bara. Nilikuwa nikisema dua kwa sauti sasa, sijali nani anasikia, na kila hatua nikimwona mume wangu amesimama mlangoni ananitazama nikirudi peke yangu.

Kando ya jukwaa kulikuwa na bwana mmoja mwenye tai, mtu mzima, kwa lafudhi nilijua ametoka bara. Ndiye aliyekuwa akitangaza majina ya bendi. Nikamwamkia, nikamweleza: bibi mzee, haoni, nimempoteza.

"Amevaa nini?"

"Leso nyeusi na nyekundu yenye korosho."

Yule bwana alininyoshea mkono tu kuonyesha uwanja. Nikatazama. Hata mimi mwenyewe niliona haya.

"Sawa," akasema, "jina lake nani? Nitaita wimbo huu ukimalizika."

Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu.

Wewe mwenzangu wa pwani unajua. Asiyejua, ni hivi: kwetu mke halitaji jina la mavyaa wake. Ni heshima, tunalelewa nayo. Tangu niolewe jina lile halijapita ulimini mwangu hata mara moja, hata nikiwa peke yangu. Na jina analoitwa na watu ni Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye mume wangu, ambaye jina lake nalo silitaji. Pande zote mbili njia imefungwa.

"Mwite bibi wa Kinondo," nikasema.

Akaita baada ya wimbo. "Bibi wa Kinondo, unatafutwa hapa!" Tukangoja. Wakaja mabibi watatu, wote wa Kinondo, hakuna wangu.

"Mama, sema jina. Nina wimbo mmoja tu umebaki, kisha watu hawa wote watatoka kwa mpigo. Hapo hutampata."

"Siwezi kulisema."

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Basi ni siri ya serikali?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Mmoja akasema mwacheni, huyu amechanganyikiwa na jua. Kumrudia somo yangu, ambaye angelisema bila taabu, kulikuwa ni kuupasua tena ule umati wote. Nikamwona yule bwana ameshika karatasi yenye orodha ya nyimbo, na penseli ameipachika sikioni.

"Nipe hiyo penseli," nikasema.

Alinipa na ganda la pakiti ya sigara. Nikalitandika juu ya goti. Sikuwa nimewahi kuandika nje ya darasa, na mwalimu hakuwa amenifundisha neno lile. Nikasema bismillahi, nikaliandika. Herufi moja, kisha nyingine, kubwa kubwa kama za mtoto. Ulimi wangu ulikaa kimya muda wote, nakuapia. Hata hapa silitaji, wala wewe huna haja nalo.

Yule bwana akalisoma kimya, akanitazama, akalisoma tena. Kisha akainua kipaza sauti akalitoa, jina zima, la utotoni na la babake na la mji wake. Likatoka kwenye spika zote, likapita juu ya makuti.

Na papo hapo chini ya jukwaa, hatua chache tu kutoka nilipokuwa, ukainuka mkono mkavu na ncha ya leso ndani yake. "Mimi hapa! Marahaba, marahaba!"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mbele kabisa, katikati ya wanawake wa Vanga. Leso aliyoishika ilikuwa ya mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya kucheka. Alipomwona bibi haoni na anamfuata tu, hakumkung'uta. Alimpitisha mbele pamoja na wenzake, wakamkalisha, wakampa maji na kaimati. Na mavyaa wangu alipolisikia jina lake kwenye spika alidhani anasalimiwa kama alivyokuwa akisalimiwa zamani arusini, na wale wa Vanga wakampigia vigelegele.

Niliangukia magotini pake. Nilikuwa nikilia.

"Unalilia nini? Mwanangu, anavuta puani! Puani! Nimemsikia hapa hapa, juu ya kichwa changu. Ufuu, halafu huyoo anakwenda. Mimi ujana wote nikivuta mdomoni kama samaki."

"Mama, ulipotea. Hukusikia ukiitwa bibi wa Kinondo?"

"Nilisikia. Nikasema maskini, kuna bibi amepotea." Kisha akanipapasa uso. "Na jina langu alilipata wapi yule? Umelitaja?"

"Sikulitaja, mama. Niliandika."

Wimbo wa mwisho ulianza, akanivuta nikae, na nikausikia naye pale mbele, mkono wake juu ya goti langu. Kila mara mwimbaji alipovuta pumzi, mavyaa wangu alinibana. Nilisikia, mwandani wangu. Mwanamke mzima amesimama mbele ya watu wasiohesabika, na pumzi yake ni kama yangu ninapopanda na ndoo kutoka kisimani.

Yule bibi wa watu jamaa zake walikuwa wameshamchukua kwa somo yangu, tukapanda lori sote. Njiani mavyaa wangu aliniinamia. "Usimwambie mwanangu kwamba tuliachana."

"Nitamwambia, mama."

"Atakufungia darasa."

"Ni amana. Nitamwambia."

Magharibi ilitukuta tunashuka Kinondo. Mume wangu alikuwa barazani, na kaka yake alikuwapo, kwa bahati yangu mbaya. Nikasalimu, nikamkalisha mama, nikasema yote hapo hapo nikiwa nimesimama: leso, swala, bibi wa watu, yule bwana mwenye tai. Sikuficha hata kidogo. Kaka yake akasema, "Umeona?"

Mavyaa wangu akagonga fimbo chini. "Ameona nini? Mimi sikupotea. Nilikuwa nimekaa mbele nakula kaimati. Aliyepotea ni yeye, anazunguka uwanja mzima kushika wazee wa watu."

Mume wangu alikuwa ananitazama mimi. "Jina la mama umelisema mbele ya watu?"

"Niliandika."

"Uliandika nini? Niandikie nione."

Akanipa kipande cha ubao na penseli yake ya kazi. Nikaandika kwenye mwanga wa taa. Yeye alisoma kidogo utotoni, kusoma anajua. Alifuatisha kwa kidole, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Kaka yake, ambaye hasomi, alinyosha shingo akatazama na yeye.

"Na langu?" akauliza mume wangu.

Nikaliandika chini ya la mamake. Nilikuwa nimeishi naye zaidi ya miaka ishirini, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoliona jina lake limetoka kwangu. Alilitazama muda mrefu. Kisha akamwambia kaka yake, kwa heshima kabisa: "Kaka, hili neno la darasa tusilirudie tena." Halikurudiwa. Nilisoma mpaka nikapata cheti, na mume wangu, Mungu amzidishie, ndiye aliyekichongea fremu.

Mavyaa wangu aliishi miaka miwili baada ya hapo. Akiimba jikoni, akawa anavuta puani.

Basi nikijibu wanaoniuliza, nasema hivi. Kama unafuata sauti tamu, kaa kwenye ua wa arusi, utasikia vizuri zaidi. Nyuma ya uwanja ule hakuna unachopata ila vumbi na mlio. Lakini kama una mtu wako anayetamani jambo, na umri wake hauna nafasi ya kungoja, mpeleke. Uswali kwa wakati. Mkalishe mbele, na mkono wake uushike mwenyewe.

Na sasa, ingawa nilianza kwa kukunong'oneza, naomba, wewe uliyesoma, usikae na haya peke yako. Mpe mwenzako asome, na asiyejua kusoma msomee. Yapelekwe huko kusini, kijiji kwa kijiji, mpaka Vanga, maana yule mwanamke mnene mwenye kicheko sikumwuliza jina, na katika kukimbilia lori sikumwambia hata ahsante. Ukimpata, mwambie bibi alifika kwake salama.